Deni, Fomu na Kibali cha Siri: Maswali Yenu

Haya ni maswali ya wasomaji wanaoomba, au wanaofanya, kazi za Marekani zinazodai kibali cha kuona siri za serikali.

Nadaiwa dola 18,000 za kadi za mkopo. Nijisumbue kuomba?

Omba. Hakuna kiwango cha deni kinachokutoa moja kwa moja. Mwongozo wa serikali wa kuamua nani apewe kibali, unaotumika tangu Juni 8, 2017, una vipengele 13, na kipengele F ndicho cha fedha. Kinachotazamwa ni kama unalipa. Fomu SF-86, ndiyo ya kuombea kibali, inauliza madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120 ndani ya miaka 7, yaliyopelekwa kwa wakusanya madeni, kufilisika, kodi ambayo hukulipa, na mshahara uliokatwa kwa amri. Kama kila mwezi unalipa kwa wakati, hizo 18,000 hazikuweki pabaya.

Pochi yangu inawahusu nini?

Aldrich Ames wa CIA alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985, akiwa amebanwa na madeni. Alikamatwa Februari 1994, na baadhi ya majasusi wa Marekani aliowataja kwa Wasovieti walikuwa wameshauawa. Ndiyo maana wanauliza.

Nilipoteza kazi, bili za hospitali zikarundikana. Nimekwisha?

Hapana. Kupoteza kazi, ugonjwa na talaka vinatambuliwa kuwa mambo yaliyo nje ya uwezo wako. Lakini swali la pili hufuata papo hapo: baada ya hapo ulifanya nini? Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu walinyamaza wakingoja deni lizeeke. Dawa ya deni kulipa, na hapa hata kuanza kulipa kunahesabiwa. Mpigie mdai leo, mkubaliane hata dola 50 kwa mwezi, umwombe barua ya makubaliano. Weka kila risiti kwa mpangilio wa tarehe. Mpelelezi akikuta malipo ya miezi minane mfululizo yaliyoanza kabla hujajaza fomu, ana kitu cha kuandika. Akikuta ahadi tu, hana.

Kuna deni moja sikuliandika kwenye fomu. Niliona aibu. Sasa naogopa mahojiano.

Swali hili limenigusa kuliko yote, maana naamini aibu imewanyima watu vibali ambavyo deni lenyewe lisingewanyima. Deni hilo wataliona: wanavuta ripoti yako ya mikopo. Wakikuuliza wao kwanza, umeshatoka kipengele F ukaingia E, kinachohusu mwenendo na ukweli wako, na huko ni kugumu zaidi kujitetea. Deni hulipwa likaisha. Uongo hauna utaratibu wa malipo. Tena kudanganya kwa makusudi kwenye fomu ya serikali kuu ni kosa la jinai, na kifungo chake hufika miaka 5.

Bado una nafasi, na ni nzuri. Mwongozo huohuo unampa nafuu anayesahihisha haraka, kwa nia njema, kabla hajabanwa na ushahidi. Usingoje tarehe ya mahojiano. Andika leo kwa afisa usalama aliyekutumia fomu: jina la mdai, kiasi, tangu lini, na sababu ya kuliacha. Usiseme ulisahau kama hukusahau. Sema uliona aibu. Wanaosoma barua hizo ni watu, wanaijua aibu.

Nilimdhamini shemeji mkopo wa gari, akaacha kulipa. Nalo niandike?

Ndiyo. Fomu inataja wazi madeni uliyoyadhamini. Ongeza maelezo mafupi na uthibitisho wa unachofanya sasa.

Nimeshapata kibali na nafikiria kutangaza kufilisika. Nitanyang'anywa?

Si lazima. Sura ya 13 ya sheria ya kufilisika, ambapo unawalipa wadai kwa miaka 3 hadi 5 chini ya mahakama, inaweza hata kuonyesha kwamba unawajibika. Ila usidhani ukishapata kibali umeachwa: siku hizi wenye vibali hufuatiliwa mfululizo, rekodi za mikopo zikiwemo, na kufilisika lazima ukuripoti mwenyewe, sawa na deni lililopita siku 120. Mwone afisa usalama wa kazini kwako kabla ya kufungua shauri, kisha mpelekee nakala za mahakama zikitoka.