Jibu: Leseni ya redio ya ridhaa ukiwa Moshi

Mkuu, umeuliza kama bila kujua Morse (ile alfabeti ya nukta na mistari) hupati leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana na wenzako hewani kwa kujifurahisha, si kwa biashara. Hayo ya zamani. Ulazima wa kimataifa uliondolewa 2003. Leseni inatolewa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na alama za wito za Tanzania, yaani jina la kituo chako hewani, huanza na 5H. Usikimbilie kununua mtambo, anza kwa kusikiliza. Mimi hapa Moshi nimefunga waya wa mita 20 kama antena toka kenchi hadi mparachichi. Jioni bendi ya mita 40 (sehemu mojawapo ya mawimbi mafupi) inachangamka, mpaka jirani awashe zile taa zake za bei chee, basi ni mngurumo tu. Siku hizi kuna FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta kupitia redio, ilikuja 2017: kompyuta zinapokezana kila sekunde 15, wewe unakunywa chai. Inafika mbali kwa nguvu ndogo, sikatai, ila mimi nataka sauti ya mtu.