Maswali ya Wasomaji: Waziri amejibu, lakini namba iko wapi?

Ndugu Mhariri, mbunge wetu ameuliza mara tatu ni lini zahanati yetu itapandishwa kuwa kituo cha afya. Kila mara jibu ni lilelile: Serikali inatambua umuhimu wa kituo hicho na itakijenga kadiri fedha zitakavyopatikana. Tumshauri aulizeje?
*Msomaji, Iringa*

Jibu hilo limezaliwa na swali lenyewe. "Ni lini" na "Serikali ina mpango gani" humwachia Waziri uwanja mzima, naye husimama anapopenda.

Anzeni na mlango. Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inalipa Bunge haki ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo husahaulika. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri viko TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, huku Wizara ya Afya ikishika sera na hospitali za rufaa. Barabara nazo ni hivyohivyo: za wilaya ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulio chini ya TAMISEMI, na barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, wakala ulio chini ya Wizara ya Ujenzi. Swali lililobisha mlango wa jirani hujibiwa kijumlajumla.

Halafu fungueni vitabu vya bajeti. Kitabu cha Kwanza ni cha mapato, cha Pili ni matumizi ya kawaida ya wizara, cha Tatu ni matumizi ya kawaida ya mikoa na halmashauri, na cha Nne ni miradi ya maendeleo. Kila wizara na mkoa una namba yake ya bajeti, iitwayo Fungu: Mkoa wa Iringa ni Fungu 73. TAMISEMI yenyewe ni Fungu 56. Utafuteni mradi wenu, mnakili namba yake, mwaka wa fedha na kiasi kilichotengwa. Hapo swali la msingi litaandikika hivi: "Je, kati ya fedha zilizotengwa katika Fungu 73 kwa ajili ya kituo hiki, ni kiasi gani kilichopokelewa na halmashauri hadi tarehe 30 Juni, na kimelipia kazi zipi?" Hakuna njia ya kulijibu hilo kwa "tunatambua umuhimu".

Namba iombwe kwenye swali la msingi, kwa sababu hilo wataalamu wa wizara wanalipata mapema na wana muda wa kuitafuta. Wabunge wengi hufanya kinyume: swali la msingi hulijaza maelezo ya jimbo, kisha takwimu huiomba kwenye swali la nyongeza, linaloulizwa papo hapo baada ya jibu. Waziri hana karatasi mkononi, anaahidi kumpelekea Mheshimiwa takwimu hizo baadaye, na suala limekufa. Nyongeza ni ya kudai ahadi juu ya namba iliyokwisha kutajwa: "Waziri amesema zimepokelewa nusu. Yuko tayari kusema hapa kwamba nusu iliyobaki itatoka kabla ya robo ya tatu ya mwaka kwisha?" Jibu likishaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, litunzeni pamoja na tarehe ya kikao na namba ya swali. Mwaka unaofuata mbunge aanzie hapo.

Na kama mradi haumo kitabuni kabisa, msimtume mbunge kwanza. Mtumeni diwani. Bajeti ya halmashauri hupita kwenye baraza la madiwani kabla haijafika Dodoma, na mradi usioombwa huko chini hauwezi kuokolewa na swali la dakika mbili bungeni.

Zile shilingi trilioni 1.5 zilizozua mjadala mwaka 2018 ziliibwa au hazikuibwa? Kijiweni kwetu bado tunabishana.
*Msomaji, Mwanza*

Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya mwaka wa fedha 2016/17 ilionyesha makusanyo ya shilingi trilioni 25.3 na fedha zilizotolewa kwa matumizi trilioni 23.79. Toa moja kwa nyingine, unabaki na takriban trilioni 1.5. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini, akauliza ziko wapi. Aprili 2018 Naibu Waziri wa Fedha, Ashatu Kijaji, aliliambia Bunge kuwa ndani ya tofauti hiyo kulikuwa na mapato tarajiwa, malipo ya hati fungani zilizoiva (mikopo ya Serikali iliyofika tarehe ya kulipwa), na fedha zilizokusanywa kwa niaba ya Zanzibar.

Tazameni hayo "mapato tarajiwa". Serikali ilikuwa inamaliza kipindi cha miaka mitano cha kuhamia mfumo wa hesabu ambamo mapato huandikwa pale yanapostahili kulipwa, hata kama shilingi haijaingia Hazina. Ukiweka mapato ya namna hiyo upande mmoja, na upande wa pili ukaweka fedha taslimu zilizotoka, unapima pishi moja la mchele kwa kibaba na jingine kwa mizani. Tofauti itaonekana tu. Peke yake haithibitishi wizi, wala haithibitishi kwamba kila kitu kiko safi.

Kinachokata ubishi ni jedwali linalotoka kwenye trilioni 25.3 na kushuka mstari kwa mstari hadi 23.79, kila mstari ukiwa na hati yake. Mahali pa kulidai ni Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, maana huko Katibu Mkuu wa wizara hukaa mbele ya wajumbe akiwa Afisa Masuhuli, yule anayewajibika kwa kila malipo, na hakuna kengele ya dakika tano. Swali la ukumbini huamsha jambo. Uchambuzi wake hufanywa kamatini. Hesabu za halmashauri zina kamati yao, LAAC, Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Mkifuatilia matumizi, msichanganye maneno matatu. Fedha *iliyoidhinishwa* ni ruhusa ya Bunge tu. *Iliyotolewa* imetoka Hazina. *Iliyotumika* imelipia kazi. Waziri akisema "tumepeleka shilingi bilioni mbili", mbunge amuulize ni lipi kati ya matatu hayo. Kuna na la nne linalojificha, madai ya wazabuni na makandarasi ambayo hayajalipwa, na ndilo mara nyingi linaloeleza kwa nini jengo limeishia kwenye lenta.

Tunasikia bungeni asilimia ya wanaopata maji vijijini inapanda. Bomba letu ni kavu. Nani mkweli?
*Msomaji, Singida*

Huenda wote wawili. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilipima huduma ya vijijini kwa lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka makazi, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250. Mtu akihesabu vituo vilivyojengwa, kisha akazidisha kwa 250, anapata asilimia nzuri bila kugusa koki hata moja. Pampu iliyoungua na kisima kilichokauka vimo ndani ya hesabu hiyo. Mbunge aulize: ni vituo vingapi vilikuwa vinatoa maji siku ya ukaguzi, ukaguzi huo ulifanywa lini, na nani alihesabu?

Asilimia za umaskini nazo zinadai uangalifu. Utafiti wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, wa 2017/18 ulionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara umeshuka hadi asilimia 26.4 kutoka 28.2 mwaka 2011/12. Ni kweli. Lakini sensa ya 2022 imeonyesha watu wanaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo asilimia inaweza kushuka huku idadi ya maskini ikipanda. Mbunge adai zote mbili, asilimia na idadi ya watu.

Wala asiogope kuhoji. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kosa la jinai kuchapisha takwimu za kupotosha zile rasmi, lakini Juni 2019 Bunge liliiondoa adhabu hiyo. Ndani ya ukumbi, mbunge analindwa na Ibara ya 100 ya Katiba.

Kwa nini Waziri wa Nishati akiulizwa bei ya petroli husema siye anayepanga?
*Msomaji, Tanga*

Bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa fomula ya ukokotoaji. Kumuuliza Waziri "mtashusha lini?" ni kupoteza nafasi. Aulizwe kila sehemu ya lita moja ni shilingi ngapi: bei ya soko la dunia, usafirishaji, kodi na tozo, faida ya wauzaji. Ushuru na kodi vilipitishwa na wabunge wenyewe kwenye Sheria ya Fedha, kwa hiyo hapo waulizane wao kwa wao mwezi Juni. Kanuni mpya ya Waziri, yaani sheria ndogo anayoitunga, ina njia nyingine: ikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, lazima iwekwe mezani ndani ya siku sita za vikao vya Bunge, na Kamati ya Sheria Ndogo huichambua. Andikeni namba ya Tangazo la Serikali juu ya barua yenu kwa kamati hiyo, mtaje na kifungu kinachowaumiza. Barua inayolalamikia "kanuni mpya" tu haina pa kuanzia.