Matendo Mema Alikuwa Amelala Chini

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo tamthilia za maadili za Ulaya ya Enzi za Kati, yaani michezo ambayo wahusika wake ni mambo kama Mauti, Urafiki na Mali yaliyopewa umbo la watu, zilimfundisha Mkristo kwamba akitenda mema tu, siku ya kufa hana la kuogopa. Jibu langu ni hapana, na ushahidi wangu ni Everyman, mchezo wa Kiingereza wa mwishoni mwa karne ya 15, ambao wataalamu wengi huuona kuwa tafsiri ya Elckerlijc wa Kiholanzi.

Mungu anamtuma Mauti kumwita mhusika mkuu, Everyman, yaani Kila Mtu, ambaye jina lake ni la kila mmoja wetu, aje na daftari lake la hesabu. Naye, badala ya kulifungua, anajaribu kutoa rushwa ya pauni 1,000 ili shauri liahirishwe hadi siku nyingine. Mauti hapokei, kwani hamjali hata papa wala mfalme. Ndipo mtu wetu anapotafuta wa kumsindikiza. Urafiki, aliyekuwa ameapa kumfuata hata jehanamu, anageuka palepale anapoambiwa safari yenyewe ni ipi. Ukoo anamtolea kijakazi wake, kwa kuwa binti huyo hupenda karamu. Binamu anasingizia kidole cha mguu kilichokakamaa. Hapo mimi hucheka kila nisomapo, kisha hukumbuka udhuru niliowahi kuutoa mwenyewe nilipoitwa kumtazama mgonjwa. Mali, aliyesongwa makashani na maguniani hata hawezi kujigeuza, anamwambia waziwazi kwamba aliazimwa tu kwa muda.

Wengi hukumbuka kwamba Matendo Mema ndiye pekee anayeingia naye kaburini, lakini husahau hali aliyokutwa nayo. Anapoitwa yuko radhi kwenda, ila hawezi kusimama: amelala kwenye ardhi baridi, amefungwa na dhambi za huyo huyo anayemwita, na daftari limechafuka kiasi cha kutosomeka. Anachoweza ni kumwita dada yake, Maarifa, ampeleke mtu huyo kwa Maungamo. Ni baada ya mkosaji kutubu na kujichapa kwa mjeledi ndipo Matendo Mema anapoinuka na kutembea. Kisha Maarifa anamvika mwenye safari vazi la majuto lililoloa machozi. Mchezo huu, basi, ni wa Kanisa la kabla ya Matengenezo ya Kiprotestanti, lililoamini kwamba wema bila kitubio na sakramenti hauna miguu, ingawa mtunzi hakusita kuwakemea, kwa kinywa cha Maarifa, mapadri wanaouza sakramenti hizo.

Kaburini, wasindikizaji wengine waliojiunga naye njiani wanamwacha: Uzuri anatangulia kukimbia, kisha Nguvu, Busara na Hisi Tano. Maarifa habanduki, lakini hashuki. Anabaki ukingoni, akisema kwamba anadhani anasikia malaika wakiimba.