Ndiga haiivi kama ming'oko

SWALI: Mhariri, nimekulia Mtwara, ambako ming'oko, viazi vya mwituni, huchimbwa porini, huchemshwa kwa chumvi na huliwa siku hiyo hiyo. Sasa nimeolewa Kilwa. Juzi watoto walileta viazi walivyochimba kando ya shamba, mama mkwe akakataza visipikwe, akisema ni ndiga na huua, ingawa anakiri kwamba wao waliila wakati wa njaa. Je, nikiichemsha kwa muda mrefu haitafaa?

JIBU: Haitafaa, na yote mawili aliyosema mama mkwe wako ni kweli. Ndiga ni ndugu ya ming'oko, lakini ndiga ya porini ina sumu ya jamii ya dioskorini, ambayo huunguza mdomo na koo, huleta kutapika na kizunguzungu, na ikizidi husababisha degedege na hata kifo. Moto peke yake hauimalizi sumu hiyo. Huondolewa na maji. Ndiyo maana waliokula ndiga wakati wa njaa waliimenya, wakaikata vipande vyembamba, wakavitia kapuni na kuvizamisha katika maji yanayotiririka kwa siku kadhaa, ndipo wakavianika na kuvitwanga wapate unga. Kipande kinene maji hayakifikii kiini. Kazi hiyo hujifunzwa kando ya anayeijua, nasi hatuthubutu kukufundisha kwa barua.

Kuitambua kunahitaji jicho makini. Jani la ndiga lina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, na shina lake huwa na miiba, ilhali jani la ming'oko ni moja, lenye umbo la moyo. Hata hivyo jani moja si kibali cha kula, kwa kuwa pwani yetu ina kiazi kingine cha sumu chenye jani moja pana, ambacho hubeba viazi vidogo juu ya mti wake, kwenye makwapa ya majani. Hatari kubwa zaidi huja kiangazi, majani yakiwa yamekwisha kupukutika na mchimbaji akifuata kamba kavu tu, yaani shina la mmea lililokauka. Hapo watoto wasichimbe bila mtu mzima anayeyajua mapori ya Kilwa.

Usionje ili kupima uchungu. Aliyekwisha kula apelekwe hospitali mara moja pamoja na kipande cha kiazi chenyewe, wala asilazimishwe kutapika. Vilivyobaki vifukieni mahali ambapo mbuzi na kuku hawatavifukua.