Figo imetulia: je, kaka aache dawa?

Dada yangu, umeuliza kama kaka yako, aliyepewa figo na mdogo wenu mwaka jana, anaweza kuacha takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo hiyo, kwa kuwa anajisikia mzima na "mwili umeshaizoea". Asiache. Mwambie leo leo.

Utulivu huo unaletwa na dawa. Takrolimasi hutuliza hasa seli T, ambazo ni askari wa kinga ya mwili, lakini kuna askari wengine: seli za NK, yaani seli wauaji asilia. Hizi hukagua alama za HLA, yaani protini za utambulisho zilizo juu ya seli, na zikikosa alama za mwenyewe, huweza kushambulia. Mtafiti Klas Kärre na wenzake walilionyesha jambo hilo kwa panya mwaka 1986. Isitoshe, kingamwili zikinata kwenye mishipa ya figo, seli za NK huzifuata na kuiharibu mishipa taratibu, mara nyingi bila maumivu yoyote. Kreatinini, taka inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo, huja kupanda kwa kuchelewa.

Labda amesikia habari za waliopandikizwa ini. Kweli, baadhi yao huachishwa dawa, chini ya uangalizi mkali. Figo si ini.

Kama kinachomsumbua ni madhara au bei (mara nyingi ni bei, na wanaume hawasemi), amweleze daktari wake. Siku ya kupima kiwango cha dawa, atolewe damu kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Na balungi aliache kabisa.