Ringi ya namba 24 kwenye saa ya GMT

Kaka umeuliza kama ringi inayozunguka kioo cha saa yako ya GMT, yaani saa ya mkononi inayoonyesha muda wa nchi zaidi ya moja, ni ya kuhesabia dakika za wapiga mbizi. Hapana, hiyo yenye namba mpaka 24 inasoma saa za nchi nyingine. Angalia una mshale wa nne, huo unazunguka mara moja tu kwa masaa 24 na ndo unausoma kwenye ringi. Weka mshale huo kwenye saa ya hapa kwetu Tanzania namba 24 ikiwa juu kabisa, mfano sasa ni saa nne asubuhi utaonyesha 10. Ukitaka saa ya Guangzhou, China, wako mbele yetu masaa matano, zungusha ringi hatua tano kurudi nyuma, yaani kinyume na mishale inavyokwenda, mshale utasoma 15 ambayo ni saa tisa mchana kwao. Wanaovuka Ruvuma kwenda Msumbiji wako nyuma yetu saa moja, hapo sasa unapeleka ringi mbele hatua moja unasoma 9. Mimi ni fundi saa hapa Mtwara mjini na wengi wanaoniletea wanazungusha upande usio sahihi, nchi iliyo mbele ringi inarudi nyuma, hilo lishike sana. Saa hizi za GMT zilianza kuvuma miaka ya 1950 Rolex walipowatengenezea marubani wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani.

Ila India iko mbele yetu masaa mawili na nusu, ringi ya hatua 24 haikai katikati, hiyo nusu utajumlisha kichwani. Na kama ringi yako imeandikwa 60 hiyo kweli ni ya dakika, haina habari na nchi.