Kabla ya kuuza kiwanja, someni ripoti yote

Mkuu, pole sana kwa ajali ya shemeji. Umesema alianguka na bodaboda, wakampiga CT-Scan kuangalia kama damu imevujia kichwani, damu haikuonekana lakini kikaonekana kivimbe cha milimita 9 kwenye utando wa ubongo. Sasa ukoo unachanga nauli ya India. Nimeisoma habari yako mara mbili, maana mwaka 2019 nilikuwa hapo hapo ulipo. Nilikuwa na miaka 49.

Mimi nilipelekwa MRI (picha ya kichwa inayopigwa kwa sumaku) kwa sababu ya sikio lililovuma miezi kadhaa. Sikio likakutwa halina neno, ila ripoti ikasema nina meninjioma, yaani uvimbe wa utando wa ubongo, ya milimita 11 upande wa kulia. Mke wangu aliposikia "uvimbe kichwani" alikaa chini palepale koridoni. Kaka yangu mkubwa akatafuta mteja wa kiwanja changu cha Chanika. Jioni watu walikuja nyumbani, wakawa wanaongea kwa sauti ya chini kama tuna msiba.

Aliyetutuliza ni daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Alituonyesha kwamba meninjioma haioti kwenye ubongo wenyewe, inaota kwenye utando unaoufunika. Nyingi si saratani, hukua polepole mno, na nyingine hazikui kabisa. Akaniuliza kama nimewahi kuanguka kifafa, kama mkono au mguu umelegea, kama macho yamepungua nguvu. Hapana. Ubongo unaozunguka kivimbe nao haukuwa umevimba. Basi akasema hapasuliwi mtu, nirudie picha baada ya miezi sita, kisha kila mwaka.

Halafu akaweka kidole kwenye mstari wa nne wa ripoti, ambao nyumbani hakuna aliyeujali. Uliandikwa kwamba kuna makovu mawili madogo ya kiharusi cha zamani. Mkuu, nilishapata kiharusi na sikujua! Akanipima presha palepale: 168 kwa 102. Sikuwa na dawa hata moja. Wiki nzima tunalilia kivimbe kilichotulia, na kitu chenye uwezo wa kuniangusha siku yoyote hakuna aliyekitaja.

Baadaye nikajua kwamba hali yangu si ngeni. Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwapiga MRI watu 2,000 wa miaka 45 na kuendelea, wakaazi wa kawaida, na matokeo yakatoka mwaka 2007. Asilimia 7.2 walikutwa na makovu ya kiharusi ambacho hawakuwahi kukihisi. Asilimia 1.8 walikuwa na mshipa wa damu uliotuna, na 1.6 vivimbe visivyo saratani, vingi vikiwa meninjioma. Mshipa uliotuna una njia yake nyingine, huangaliwa ukubwa wake na mahali ulipo, lakini kwenye maelezo yako ya shemeji hukutaja hilo.

Sasa kwako. CT-Scan peke yake isiwatoshe. Ombeni MRI yenye dawa ya mshipani (figo hupimwa kwanza), kisha mwone bingwa. Mabingwa wa ubongo wapo hata hapa Dar, MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wapo. Bebeni CD yenye picha zenyewe, si karatasi ya ripoti tu, kwa sababu bingwa atataka kuziangalia kwa macho yake. Ila shemeji akianza kifafa, akatapika kila asubuhi, macho yakafifia au upande mmoja ukalegea, msisubiri miadi, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi nimeshapiga picha sita. Safari moja walisoma kivimbe milimita 12, iliyofuata wakasoma 11 tena. Presha juzi ilikuwa 128 kwa 80, kwa dawa ninazomeza kila siku, na kiwanja cha Chanika kimejengwa.

Hukuandika ripoti ya shemeji inasema nini baada ya mstari wa kivimbe. Iandike hapa yote. Na leo hii mpeleke akapimwe presha, uniletee namba zote mbili.